Nimero Yangu ya Moja-Moja

Hii hadisi inanionyesha mujinga, basi niiseme mi mwenyewe kabla watoto wa Buyenzi, mutaa wetu, hawajakuwekea chumvi. Mwanangu (nakuita mwanangu hata kama ndevu zangu ziko tatu tu), nakumbuka Idi moja, wivu ilinikula mupaka ikabakisha mifupa.

Zaina, jirani yetu, anasoma hesabu pale universite, Mutanga Sud. Mi niliishia darasa la sita, napaka rangi mapikipiki. Nilimupenda, kimya. Sasa ile Idi, tunakula kwao, akaja Yvan, mwenzake wa darasa, kijana wa miwani, na zawadi. Apana kitenge, apana marashi. Nimero! 104.729, kwenye karatasi nzuri. Akaeleza ni nombre premier: haigawanyike na kitu, ila na moja na yenyewe.

"Kama wewe, Zaina. Hakuna wa kukugawanya."

Zaina akacheka, akamushika mukono. Mi niliangalia ule mukono tu, biriani ikapoa mbele yangu. Wazee wanasema hasidi hana sababu. Mi sababu nilikuwa nayo, ilivaa miwani.

Kesho yake, kazini, nikawaza: na mi nitamupa ya kwangu, kubwa kupita ile. Ikiishia na mbili ao ine, inakatika katikati, hiyo hata mi najua. Basi niweke moja tupu, moja sita. 111.111. Nani atagawanya moja? Nikaipaka nyekundu nyuma ya pikipiki yangu, nikaenda kwao, nikageuza pikipiki imuangalie mulangoni.

Zaina akatoka, akasoma. Hakuomba hata kalamu.

"Hamisi, jumulisha hizo moja."

"Sita."

"Sita inagawanyika na tatu. Basi na hii yote inagawanyika na tatu."

Hakuishia hapo. Akaikata na saba, na kumi na moja, na kumi na tatu, na makumi tatu na saba, kama mutu anagawa nyama ya Idi. Watoto wa mulangoni wakaishika kama wimbo. Mupaka leo nikipita wananipigia hesabu: tatu, saba, kumi na moja! Mi pale pale nikachukua kitambaa na petroli, nifute.

Mwanangu, nisikilize. Ukimupenda mutu, mwambie kwa kinywa chako. Usikimbilie uwanja wa mwenzako juu ya wivu. Pale yeye anajua mashimo, we utaanguka tu. Wivu ni moto wa makaa, unaunguza kwanza mwenye kuupuliza. Mungu akupe moyo mupana, na akupe wa kukucheka bila kukutupa.

Mi nilimupata. Kitambaa kilikuwa tayari juu ya rangi, Zaina akanishika mukono, na ule ule mukono aliomushika Yvan, akasema:

"Acha, usifute. Ya Yvan ni nzuri, lakini inakaa peke yake. Hii yako inagawanyika, iko na nafasi ya watu. Sasa washa pikipiki unipeleke Kajaga, kule ziwani, na ukinuna tena juu ya Yvan, narudi kwa miguu."