Fundi Mbavu na Upepo Usiotulia

Kazi ya Fundi Mbavu ni kupima upepo ndani ya sanduku. Usicheke, wapo wanaolipwa kwa mambo ya kipuuzi zaidi. Sanduku lenyewe ni refu, na kuta zake za ndani zina mbavu kama za ng'ombe aliyekosa malisho. Feni huvuta hewa, hewa hujigonga kwenye mbavu na kuvurugika, na waya uliopashwa moto, mwembamba kuliko unywele, huonyesha kwenye skrini imevurugika kiasi gani. Fundi amelitunza tangu binti yake akitambaa, na sasa huyo binti ana watoto.

Mkuu wa maabara akaja na uso wa msiba. Vipimo vilikuwa vinarukaruka bila sababu. Chanzo kisipopatikana kufikia Ijumaa, sanduku litavunjwa.

Fundi nusura alie. Akaziba madirisha kwa mablanketi, akapiga marufuku manukato, akamvua katibu viatu. Ijumaa mkewe alipomletea chakula, alimwamuru aingie kwa kutambaa.

"Baba watoto," mama wa watu akauliza akiwa amepiga magoti, "niliolewa na wewe au na sanduku?"

Fundi akatoka kunawa mikono. Aliporudi alimkuta mkewe kaikodolea macho skrini.

"Hebu toka tena."

Akatoka. Mstari kwenye skrini ukatulia.

"Ingia."

Mstari ukaruka.

"Ugonjwa ni wewe. Unalisimamia sanduku mdomoni na kulihemea, litatuliaje?"

Fundi akajibanza pembeni, akabana pumzi mpaka macho yakamtoka pima. Alipoiachia, mstari uliruka vilevile. Kuishi kwake kulikuwa kunaharibu vipimo.

Angeweza kunyamaza. Lakini hapo sanduku lisingepona, basi akaenda kwa mkuu kujishtaki mwenyewe. Mkuu akamtoa nje, akafunga mlango, akapima. Akatoka anatabasamu.

"Havijawahi kuwa safi namna hii! Kesho pia usiingie."

"Sitaingia, mkuu." Ilimuuma, na hakuficha. Akaomba kitu kimoja tu, mlango utiwe kioo.

Siku hizi huripoti kazini asubuhi na mapema, koti jeupe limepigwa pasi, akasimama koridoni mpaka jioni. Mshahara wake wanampa wote, kwa kutokuwepo. Kila mara hukipangusa kioo kwa mkono wa koti, maana pumzi zake hukitia ukungu na sanduku lake halionekani.