Nyumba ya Robo Tatu

Nyaguthii alifundisha hisabati chuo kikuu, hapo Eldoret, na kwa ukaidi hakuwa na mpinzani. Utafiti wake wote ulihusu jambo moja: kanuni zinazohamisha vitu kutoka anga moja hadi nyingine bila kuharibu pembe mraba. Wanafunzi wakikodoa macho, aliwaeleza polepole. Kila anga ina namna yake ya kupima urefu. Lakini kanuni ya mstari, yaani isiyopinda mistari iliyonyooka, ikichunga kila pembe mraba, na isifute kila kitu, basi urefu wote umevutwa au umepunguzwa kwa kiwango kimoja. Hakuna kinachopendelewa.

Basi mama yake alipomwambia, "Nyaguthii, kabla nife nataka kulala kwa nyumba yangu," alidhani anajua la kufanya.

Nyumba yenyewe ilikuwa Burnt Forest, mji mdogo nje ya Eldoret. Marehemu baba, Thuo, aliijenga kwa mikono yake, nayo ikachomwa baada ya uchaguzi wa 2007. Tangu hapo mama alikuwa mpangaji tu mjini. Kurudi kule hakutaka hata kusikia, lakini hakuna siku iliyopita bila kuitaja ile nyumba.

Nyaguthii akaenda peke yake. Msingi ulikuwa bado upo, umefunikwa na magugu katikati ya viazi vya watu. Akapima kila chumba kwa tepu, machozi yakimtoka bila kuyafuta. Ploti yake ya Yamumbi, pembeni mwa mji, alikotaka kuijenga upya, ilikuwa ndogo, kwa hivyo kila ukuta akaupunguza robo, bila kubagua hata mmoja.

Fundi Shitanda alipovuta kamba za msingi, alikuna kichwa.

"Mwalimu, hii sebule ni kaduchu sana. Si tuongeze huku kidogo? Nafasi iko."

"Ukiongeza huku peke yake, Shitanda, hiyo si nyumba yetu tena."

Milango tu ndiyo aliyomwachia fundi aiweke kwa kimo cha kawaida, tena shingo upande.

Siku ya kuhamia, mama alivua viatu kizingitini. Alitazama sebule, dirisha, mlango wa jikoni, kila kitu mahali pake. Kisha akafumba macho.

"Usinishike," alisema.

Akaanza kwenda, mkono mmoja ukiwa kiunoni, vile alivyokuwa akienda gizani alfajiri kumpikia Thuo chai. Moyo wa Nyaguthii ulidunda kwa furaha. Mama alikuwa anaijua njia! Lakini hatua zake zilikuwa zile za Burnt Forest. Kabla hazijatimia hatua za kufika pa kukata kona, paji la uso likagonga ukuta.

Nyaguthii alimkimbilia. Mama hakuwa ameumia. Alikuwa amesimama akiipapasa kona kwa vidole, juu hadi chini, akilia na kucheka pamoja.

"Ni yenyewe," alisema. "Baba yako aliijenga hivi hivi. Nyumba umeipunguza vizuri, mwanangu. Lakini mimi hukunipunguza."