Almasi ya Mkono wa Kulia

Tangu biashara ya madini iachiwe huru, sonara wa nyuma ya soko la Mwanza hana habari tena na pete. Habari yake ni almasi. Hata aliyekuja kuungiwa hereni iliyokatika hatoki bila kuhubiriwa. Huitoa kwenye pamba, huipulizia, huifuta kwenye goti la suruali, kisha hunong'ona kama yuko kanisani: "Mwanamke asiyevishwa almasi hajachumbiwa huyo, amesalimiwa tu." Kazi yote hiyo hufanywa na mkono wa kulia. Wa kushoto hulala mezani.

Jumamosi moja akaingia Modesta, mwalimu kutoka Misungwi, na mchumba wake Masele, ambaye jasho lilimtoka kabla hata bei haijatajwa. Sonara akapuliza, akafuta, akanong'ona. Modesta hakuitazama almasi. Alikuwa akiutazama mkono uliolala, na pete yake nyeusi ya pembe la ng'ombe, iliyovaliwa miaka hadi ikang'aa.

"Na hiyo, baba?"

"Hii?" Sauti ya mahubiri ikamkauka. "Nilichonga mwenyewe, yangu na ya mama watoto. Enzi zile dhahabu tulikuwa tunaisikia redioni."

"Naye bado anayo?"

"Haivui hata akisonga ugali."

"Basi pete yangu ya uchumba nichongee kama hiyo."

Masele akapumua. Sonara alichonga siku nne, akiipulizia na kuifuta kwenye goti lile lile. Siku hizi, kabla ya kuhubiri almasi, mkono wa kushoto huutia kwanza mfukoni.