Vijiti vya Kulia, Nyuma ya Duka la Isipingo

Juzi binti yangu aliletewa bakuli la tambi katika mgahawa mmoja wa hapa Durban, na kando ya bakuli pakawekwa kipakiti cha karatasi chenye vijiti viwili. Akavitazama, kisha akanitazama mimi.

"Mama, hawa watu hawana uma?"

Nikacheka kama mzazi yeyote. Nikavitenganisha vile vijiti, nikamshika vidole nimwoneshe namna ya kuvishika. Ndipo nilipoona viganja vyangu vimelowa jasho. Mtoto akauliza kama nina homa, nikamwambia ni joto tu. Lakini wewe, rafiki yangu, sina sababu ya kukuficha. Swali hilo nami niliwahi kuliuliza nikiwa mdogo, nikajibiwa vizuri, na siku chache baadaye jibu lile likawa jambo la kufa na kupona.

Tulikuwa tunakaa Albert Park, ghorofa za juu, katika chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia: mimi, mama, na bibi mzaa mama. Tulipotoka Kongo nilikuwa bado nabebwa mgongoni, kwa hiyo Kongo niliyoijua ni ile ya jikoni kwa bibi. Sombe, majani ya muhogo, iliyotwangwa mpaka jengo zima likajua leo tunakula nini. Ndakala, dagaa wakavu, waliokaangwa kwa mawese. Fufu lililosongwa huku sufuria limebanwa kwa miguu. Jirani wa chini, Mburundi, aligonga dari yake kwa mti wa ufagio kila bibi alipoanza kutwanga, na saa ya chakula ikifika alipanda ngazi na sahani yake mkononi, mnyenyekevu kabisa.

Kwa bibi, chakula ni mkono. Unamega, unafinyanga, unabonyeza kishimo kwa kidole gumba, unachota mboga. Kijiko alikiita kitu cha hospitali. Mama alipomsimulia kwamba Mchina aliyemwajiri anakula kwa vijiti, bibi alifikiri kidogo, akasema, "Anayedonoa ni kuku."

Huyo Mchina alikuwa mwanamke wa makamo mwenye duka la blanketi, mabeseni na maua ya plastiki kule Isipingo, hatua chache kutoka stendi ya teksi. Shule zikifungwa, mama alinichukua twende naye, kwa kuwa bibi alikuwa anafanya usafi katika nyumba za watu na hapakuwa na wa kubaki na mimi. Nilipenda lile duka. Nilipenda harufu ya plastiki mpya, nilipenda kupanga mabeseni madogo ndani ya makubwa. Nje, chini ya ukingo wa paa, alikaa fundi viatu, mzee wa Kizulu aliyeniita ntombazane, yaani msichana, na nyundo yake ilisikika kutwa nzima kama saa ya ukutani.

Mchana tulikula nyuma ya duka, katika chumba kidogo chenye jiko la gesi na dirisha la nondo. Huko ndiko nilikomwona mama wa duka akipika, na sijawahi kuona mtu akikata vyakula vile. Nyama aliikata mpaka ikawa kama njiti za kiberiti. Karoti hivyo hivyo, vitunguu hivyo hivyo. Kisha moto mkali, kelele za mafuta, na kabla hujameza mate chakula kimeiva. Kiswahili chake alikiokota kwa mama, neno moja moja, akakifunga kila kitu kwa "iko".

Nikamwuliza kwa nini vijiti.

"Kwa bibi yangu kuni iko kidogo sana," alisema, kisu hakikusimama. "Nyama kubwa, moto mrefu. Nyama ndogo, moto mfupi. Mimi nakata hapa, mezani kisu ya nini? Kazi iko imekwisha."

Akanionesha mengine. Wali wao unashikana, punje na punje, kwa hiyo kijiti kinanyanyua donge zima. Na bakuli unalileta mdomoni, huinami kulifuata. Tambi ndefu hukimbia kijiko lakini vijiti huzibana. Samaki wa miba vijiti humchambua vizuri kuliko uma, kama vidole viwili vyembamba visivyoungua. Kitu kikiwa ndani ya mafuta yanayochemka, chukua vijiti virefu. Mchuzi kunywa, au tafuta kijiko cha udongo. Mama alimsikiliza kwa adabu, kisha akala wali wake kwa mkono. Mimi nilijaribu, nikadondosha, nikajaribu tena.

Wiki ile maneno yalikuwa yanazunguka kwenye simu. Wageni waondoke. Fulani kachomewa saluni, fulani kapigwa. Asubuhi moja bibi alisimama mlangoni akamwambia mama asiende. Mama akamjibu taratibu, "Nikikaa, kesho pia nitakaa, na keshokutwa." Tukaondoka.

Tulipofika dukani, mama wa duka akamtuma mama kwenye ghala, mtaa wa Jacobs, kupakia blanketi. Mimi nikabaki. Sijui saa ngapi ilikuwa nilipogundua kwamba nyundo ya nje imenyamaza. Fundi viatu aliingia ndani, jambo ambalo hakuwahi kulifanya, akavua kofia.

"Vala, mama," alisema. Funga. "Bayeza." Wanakuja.

Mama wa duka alikimbilia mlango wa bati auteremshe na kuufunga kwa ndani. Mzee akamzuia. Akaeleza kwa ishara na kwa Kiingereza kidogo: mlango uliofungwa kwa ndani unasema kuna mtu. Afunge yeye kwa nje, kufuli lionekane, na ufunguo abaki nao.

Nakumbuka jinsi mama wa duka alivyomtazama. Walikuwa wamesalimiana miaka yote ile, lakini nadhani hata jina lake hakulijua. Chumba kile cha nyuma hakikuwa na mlango mwingine. Dirisha lilikuwa na nondo. Tungekuwa kama panya ndani ya mtego, na mtego ungekuwa mkononi mwa mtu mwingine. Filimbi zikaanza kusikika upande wa stendi. Akaufungua mkono wake, ufunguo ukaondoka.

Bati liliteremka, kufuli likalia, giza likaingia. Tukakaa chini jikoni, mgongo ukutani. Kwanza zilikuja mbio za watu, miguu mingi. Kisha vioo. Kisha wimbo, wanaume wakiimba kwa pamoja, na ungeusikia siku nyingine ungesema ni wimbo mzuri. Mama wa duka alipiga simu ya mama. Haikupatikana. Akarudia. Baadaye simu yake yenyewe ikawaka mkononi bila mlio: alikuwa bibi, na hatukuweza kupokea. Ikawaka, ikazima, ikawaka tena. Bibi alikuja kuniambia kwamba kati ya mambo yote ya siku ile, simu ile isiyojibiwa ndiyo iliyomzeesha.

Njaa haina adabu, hasa kwa mtoto. Tumbo langu lilinguruma mpaka mama wa duka akageuka. Gesi hakuthubutu kuiwasha, maana harufu ya chakula ingetoka dirishani na kutusema. Palikuwa na wali wa asubuhi, umepoa, na mayai yaliyokatwakatwa na majani ya vitunguu. Akanipakulia kwenye bakuli la enameli. Mimi, kwa haraka, nikachukua kijiko cha chuma, nacho kikagonga ukingo wa bakuli. Nglii.

Akanishika kifundo cha mkono. Hakunifinya, alinishika tu, naye akageuza uso kuelekea mlangoni. Nje, karibu kabisa na bati, mtu akauliza jambo kwa Kizulu. Kiganja kikapiga bati, mara moja, kama mtu anayejaribu ubora wa ngoma. Nikamsikia fundi viatu akijibu kwa sauti ya uchovu, kama mtu aliyesumbuliwa kazini: "Bahambe ekuseni." Wameondoka asubuhi.

Yule mtu hakuondoka. Alisema kitu, mzee akamjibu. Kikapasuka kitu cha mbao. Mama wa duka alikitoa kijiko mkononi mwangu, kidole kimoja kimoja, akaweka badala yake vijiti vya mwanzi. Akaninyanyulia bakuli mpaka kidevuni. Nikala. Mwanzi ukigusa enameli hausemi kitu. Nilisukuma wali ule mdomoni, punje zikishikana kama alivyonieleza, na machozi yakiingia humo humo, na hakuna mtu aliyesikia.

Chakula kilipokwisha kikaja kilio chenyewe, kile kinachoanzia chini ya mbavu. Nilimtaka mama. Mama wa duka alikiona kinakuja. Akamimina karanga katika bakuli moja, akaweka bakuli tupu pembeni, akaninong'oneza sikioni, "Chukua. Weka. Kutupa, hapana."

Karanga ikidondoka ingelia. Kwa hiyo niliibana kila moja, nikaivusha, nikailaza chini kama yai. Huwezi kulia huku unafanya kazi ile. Ukivuta pumzi kwa nguvu, mkono unatikisika. Bakuli la pili lilipojaa tukazirudisha kwenye la kwanza. Yeye naye alichukua vijiti vyake, na nikaona kwamba mkono uliokata karoti kama njiti za kiberiti unadondosha karanga zaidi ya wangu. Aliidaka kwenye sketi.

Mchana ulikuwa umegeuka magari ya polisi yalipopita na kipaza sauti. Hata baada ya hapo mzee alikawia. Ilikuwa ngoja ngoja mbaya kuliko zote, kusikiliza kufuli ambalo halifunguliwi. Lilipofunguka tulimkuta amesimama na sanduku lake la kazi limevunjwa vipande, soli na misumari zimetapakaa. Uso umevimba upande mmoja. Mzee akampa mama wa duka ufunguo. "Hambani kahle," akasema. Nendeni salama.

Mama wa duka alinilaza ndani ya bakkie yake, kigari cha mizigo, akanifunika kwa blanketi za dukani, akaendesha bila kusimama kwenye robot, taa za barabarani, hata moja. Kulikuwa na harufu ya matairi yaliyoungua njia nzima.

Bibi alifungua mlango kabla hatujagonga. Alinipapasa kichwa, mikono, miguu, kama anayechagua mchele, kisha akatazama nyuma yetu kwenye korido.

"Mama yako yuko wapi?"

Mama wa duka akamwambia simu haipatikani. Bibi akaenda akawasha jiko, akaweka maji ya fufu. Nilidhani amechanganyikiwa, lakini alisema bila kugeuka, "Mtu akirudi, akute moto."

Basi tukakaa sakafuni, sisi watatu, tukinawa mikono kwenye beseni moja. Mama wa duka hakuondoka. Hakuna aliyemwuliza kwa nini. Mimi bado nilikuwa nimevikamata vile vijiti vya mwanzi, tangu Isipingo sikuviachia. Mama wa duka akanichukulia, akajaribu kumega fufu navyo. Fufu likanyooka kama gundi, likavishika vyote viwili. Bibi alitazama, akamtoa vijiti mkononi kwa upole.

"Kila chakula kina mlango wake," alisema. "Huu si mlango wa fufu."

Akaushika mkono wa mgeni, akaufinyanga pamoja na tonge, akakibonyeza kidole gumba chake mahali pake. Sombe ikamchuruzika mpaka kwenye kiwiko. Mama wa duka akala, akatafuna kwa muda mrefu. "Kwetu, mkate ya mvuke," alisema, "pia iko mkono." Bibi akaitikia kwa kichwa, kwamba hapo sasa amesema jambo la maana. Na muda wote huo, nakuambia, hakuna aliyekuwa anaonja chochote. Masikio yetu yalikuwa kwenye ngazi. Lifti ilikuwa imeharibika siku nyingi, kwa hiyo kila mguu uliopanda tuliusikia tangu chini, tukauhesabia ghorofa, ukaishia kwa watu wengine.

Mguu wa mama hatukuutambua. Alikuja peku.

Habari yake tuliipata siku iliyofuata. Teksi ilisimamishwa. Wageni walitafutwa kwa kuoneshwa kiwiko na kutakiwa wakitaje kwa Kizulu. Mama hakulijua neno. Alifunga mdomo, na mwanamke aliyeketi kando yake, asiyemjua kabisa, akasema huyu ni mke wa mwanangu, ni bubu. Akashuka naye, akamficha nyumbani kwake mpaka barabara zilipotulia. Lakini jioni ile mama hakusimulia kitu. Alikuwa bubu kutwa nzima ili aishi, na sauti ilikuwa bado haijamrudia. Alikaa chini, mikono juu ya mapaja, haijui pa kwenda. Bibi akamega tonge, akalifinyanga, akachovya, akamtia mdomoni kama anayelisha mtoto aliyeachishwa ziwa. Mama akatafuna. Bibi akamega jingine.

Mama hakurudi tena Isipingo. Mama wa duka alifungua kwa muda, kisha akauza akaenda zake, wengine walisema Maputo, wengine kwao. Mlango ule wa bati sasa unafungua duka la wigi na simu. Nimepita pale mara nyingi kumwulizia fundi viatu. Kijana mmoja aliniambia wazee wa zamani walirudi kwao mashambani, hakumjua hata huyo ninayemtaja. Jirani wa chini alipelekwa Kanada na familia yake. Bibi tulimzika hapa hapa Durban, na tangu afe hakuna anayetwanga sombe jengo lile. Siku hizi tunainunua imesagwa, imegandishwa ndani ya mfuko.

Mama yupo, ana afya, anauza nguo. Nilimwuliza kuhusu jioni ile, kama anakumbuka mama wa duka amekaa sakafuni kwetu na fufu mkononi. Alinitazama akashangaa. Alisema hakumwona mtu mwingine chumbani. Aliona mkono wa mama yake tu, ukija na kurudi.