Koti la Baba kwenye Filamu

Niseme mapema: bado nina hasira, na anayetaka kunituliza asubiri kwanza nimalize.

Marehemu baba yangu alikuwa mpiga picha hapa Mpanda mjini. Aliwapiga picha maharusi, mapadri, mashehe, na wakulima wa tumbaku waliofika kutoka Inyonga na vumbi hadi kwenye kope. Asiye na koti aliazimwa la Baba, lile alilooa nalo. Lakini picha ya Baba mwenyewe hatuna hata moja. Mama akimsihi apigwe, alijibu tu, "Kinyozi hajinyoi," akarudi kwenye kazi yake.

Sasa mwaka huu wakaja wageni kutoka Dar na filamu ya zamani, ya enzi za kamera ya miguu mitatu, mpiga picha akijifunika kichwa kwa kitambaa cheusi. Inamwonyesha mpiga picha wa Mpanda akiwa kazini. Baba! Mama macho yanamwishia, daktari alishatuambia. Siku hiyo alivaa kitenge kipya, akakaa mbele kabisa ukumbini.

"Nikimwona uso mara moja tu, mwanangu, yatosha."

Filamu ikaanza. Mkono wa Baba unamweka kola sawa mteja aliyeazimwa lile koti. Mgongo wa Baba. Baba kichwa ndani ya kitambaa. Tukangoja atoke. Kitambaa kikaanza kuinuka, filamu ikahamia kwa mteja! Mteja anatabasamu, mteja anajifuta jasho, mteja, mteja. Hata mbuzi aliyepita nje alionyeshwa uso wote. Mbuzi, jamani!

Nikasimama. "Nyie, rudisheni hapo!"

Mwenye mashine akaniambia, "Tulia mzee, hiyo ndiyo sanaa."

Sanaa gani? Mtu anasafiri mpaka Mpanda kumpiga mwenzake filamu, halafu anasahau kwamba ana uso? Loo! Ukumbi mzima ukapiga kelele pamoja nami, wakarudisha. Kitambaa kikainuka, mteja akatabasamu tena.

Mwishoni wageni walipiga makofi peke yao. Kisha, bila haya, wakamletea Mama kipaza sauti, ati aseme amejisikiaje kumwona tena mumewe.

Mama alikishika kwa mikono miwili.

"Koti nimeliona," alisema. "Nilikuwa nikilipiga pasi kila Jumamosi. Mwenye koti yuko wapi?"