Shangazi wa Darasa la Kwanza

Mimi ni mtu wa ziwani. Nimezaliwa kwenye joto, nimekulia mchangani, na miguu yangu haikujua soksi mpaka nilipopangiwa shule huku juu milimani, upande wa Maguu, ambako Januari mvua inanyesha asubuhi, inapumzika kidogo mchana, halafu inakumbuka kwamba haijamaliza. Nilifika na sweta moja. Walimu wenzangu wakanitazama ninavyotetemeka, wakacheka weee, kisha wakanipa darasa la kwanza. Ndivyo ilivyo: darasa la kwanza anapewa mgeni, kwa sababu mgeni hajajua bado namna ya kukataa.

Kama hujawahi kushika darasa la kwanza wiki ya kufungua shule, nakuomba usinisimulie habari za kazi ngumu. Huyu analia kwa sababu mama yake ameondoka. Yule analia kwa sababu huyu analia. Wa pembeni ameshavua viatu na kimoja hakionekani. "Mwalimu, mkojo." Unamruhusu mmoja, wanasimama ishirini, wote mkojo. Unageuka ubaoni uandike herufi moja tu, ukirudisha uso kuna mtu keshatokea dirishani, anakimbia kwenye mibuni ya watu kuelekea kwao. Nusu yao walikuja na Kimatengo kitupu, mimi nina Kinyasa changu na Kiswahili, basi tukawa tunaelewana kwa mikono na macho. Kiti nilikuwa nacho, lakini nilikalisha mkoba wangu. Mwenyewe sikukaa. Hata Jumapili kanisani, padri yuko kwenye mahubiri, mimi nahesabu vichwa vya watoto kwenye mabenchi ya mbele.

Mkuu wa shule ni mtu mpole, anaongea nawe huku anaangalia mvua. Aliniita barazani akaniambia, "Madamu, madawati unayaona mwenyewe. Wiki ya tatu ikiisha uniambie ni nani hawajaiva, tuwarudishe awali wakakue kidogo." Nikajibu sawa mkuu, tena haraka. Na mimi nilitaka nafasi ya kupumua.

Wa kwanza kumfikiria alikuwa mtoto mmoja wa kike, mwenye sweta la kijani lililofumwa kwa mkono, mkimya kupita kiasi. Alikaa dawati la nyuma na mwenzake mmoja mdogo kidogo kwa umbo, lakini huyo mwenzake alikuwa na sauti, jamani! Nikisema "a", yeye ndiye anayetangulia, "Aaa!" mpaka bati linaitikia. Nikimwita mmoja mmoja, huyo mwenye sauti anasimama wima, anajibu, anakaa. Nikimwita mkimya, anasimama, anamtazama mwenzake, anatazama chini. "Hii ni herufi gani?" Kimya. "Hii je?" Kimya. Midomo yake niliiona ikicheza nikimuuliza mwenzake, nikadhani anasali. Zamu yake ikifika, midomo inafungwa. Nilimuuliza kwa upole, nikamuuliza kwa ukali, nikamuuliza kwa pipi. Wapi!

Nikaona dawa ni kumtenganisha. Nikamhamishia mbele kabisa, karibu na meza yangu. Nageuka ubaoni, narudisha uso, hayupo. Yuko kule kule nyuma, pembeni ya mwenzake, mikono kifuani. Nikamrudisha mbele. Akarudi nyuma. Mara ya tatu nikapandwa na mori, nikamuuliza kama amepakwa gundi, na darasa zima likacheka, hata wale ambao gundi hawaijui ni kitu gani. Yeye hakucheka wala hakulia. Akakaa pale pale.

Saa ya uji nikaona jambo lingine. Kila mtoto akipokea kikombe chake anakigugumia kama kuna mtu anamfukuza. Huyu mkimya anashika kikombe, anasubiri. Mwenzake anapuliza uji wake taratibu, anaonja, anapuliza tena, hana haraka na dunia. Mpaka yeye apige funda la kwanza ndipo mkimya naye anywe. Aa, nikasema, kumbe ndivyo! Huyu mdogo ni mbabe, anamtisha mwenzake, ndiyo maana mtoto wa watu hafunui mdomo. Nikamfuata palepale kwenye foleni.

"Wewe, kwa nini unamtisha mwenzako?"

Akanyoosha mgongo. "Simtishi, mwalimu. Huyu ni mtoto wangu."

"Mtoto wako! Umemzaa lini, juzi?"

Nilitegemea watoto wacheke, kwa maana hawa hucheka hata kuku akipita. Hakucheka hata mmoja. Walinitazama kana kwamba mimi ndiye niliyekosa adabu. Kimya kile kingenishtua siku nyingine, lakini sufuria ya uji ilikuwa inaelemea upande mmoja na nikakimbilia huko.

Basi wiki ya tatu ikaisha. Ijumaa mchana nikamwita mkimya pembeni nikamwambia kwamba Jumatatu ataanza kukaa darasa la awali, na wadogo, na kwamba si adhabu. Nilijiandaa kwa kilio. Akaitikia kwa kichwa, haraka mno, kama mtu aliyepewa alichokuwa anakitaka. Jambo hilo likaniudhi kuliko kilio. Nilishuka kilima kuelekea nyumbani nikiwa nagombana naye peke yangu njiani, mpaka mama mmoja muuza ndizi akaniuliza kama niko salama.

Jumatatu mvua ilikuwa imeamka kabla yetu. Nikamkuta mama wa yule mkimya mlangoni pa darasa, ameacha palizi, miguu matope mpaka magotini, mfuko wa plastiki kichwani. Mwanawe amemshika mkono. Ni mwanamke wa rika langu, tukasalimiana, nikajiweka tayari kwa ugomvi, kwa maana mzazi hatembei kwenye mvua ile kuja kukushukuru. Kabla hajaanza, yule mwenye sauti akapita katikati yetu kuingia darasani. Mama wa watu akainama kidogo.

"Wifi, hujambo?"

"Sijambo wifi. Mmeamkaje huko?"

"Tumeamka salama, wifi yangu."

Nilishika mwimo wa mlango. Sikuwa na mbavu. Kitoto kile, kamasi linaning'inia, mkoba unagonga visigino, kinaulizana hali na mwanamke mzima kama wako msibani! "Wifi?" nikauliza. "Wifi wa wapi?"

Mwenzangu hakuona cha kuchekesha. "Ni dada wa mume wangu, mwalimu. Baba mkwe alimpata uzeeni. Huyu wangu, shangazi yake ndiye huyo."

Kicheko kikaniisha hapohapo. Akanieleza taratibu, kama unavyomweleza mtu wa kuja. Kwao bado wanakula kwa babu, ukoo mzima, sengu wanaita, na pale mkono wa mdogo hautangulii mkono wa mkubwa. Ukubwa si urefu wala umri. Shangazi ni shangazi, hata akizaliwa jana. Tangu mwanawe ajue kushika tonge amefundishwa kumsubiri shangazi yake, kumpisha shangazi yake, kutomzidi shangazi yake mbele za watu. "Tumemfundisha vizuri mno," akasema. "Mwalimu, mwanangu anajua. Nyumbani herufi za kwenye mfuko wa mbolea anazitaja zote, kaka zake wamemfundisha. Usimrudishe."

"Sasa kwa nini hasemi hata baada ya shangazi kujibu?"

Akatazama ndani ya darasa, akanisogelea sikioni. "Kwa sababu anayejibu ni huyu wangu. Anamnong'oneza. Yule wifi yangu hajui, mwalimu. Hajui hata moja, na huyu akisema mwenyewe atakuwa amemzidi. Lakini nani atalisema hilo? Ni mtoto wa mwisho wa mzee, mzee anamwita 'mwalimu wangu'. Mimi ni mkwe tu pale."

Nilisikia joto likinipanda shingoni, baridi yote ile. Wiki tatu ninamsifia mtoto asiyejua "a", na anayejua nimempa awali! Nilikasirika na babu, nikakasirika na sengu, nikakasirika na madawati, na mwishowe nikaona hasira yenyewe haina pa kukaa. Nikamwambia mzazi abaki na mwanawe hapo mlangoni. Nilitaka kuona kwa macho yangu.

Ubaoni nilikuwa nimeandika tarehe, na chini yake ma, me, mi, mo, mu. Nikamwita shangazi mtu. Akaja mbele kwa mwendo wake ule wa mwenye nyumba, akapokea chaki. Nikamwonyesha "me". Akafungua mdomo, akageuza macho upande wa dawati lao. Hakuna mtu. Akatafuta, akamwona mpwa wake mlangoni, mbali, hanong'onezeki. Akafunga mdomo. Mvua ilikuwa inapiga bati na kwa mara ya kwanza tangu shule ifunguliwe darasa langu lilitulia, maana watoto wananusa aibu upesi kuliko sisi. Nilijuta kumwita. Nilikuwa nafikiria namna ya kumwambia akakae bila kumvunja moyo, ndipo nikasikia sauti nisiyoijua.

"Mwalimu, mimi naenda awali. Shangazi abaki."

Alikuwa mkimya. Ameachia mkono wa mama yake, amesimama katikati ya madawati na sweta lake la kijani, na hiyo ndiyo sentensi ya kwanza kuisikia kutoka kwake. Mama yake akaziba mdomo kwa kiganja. 

Aliyejibu ni shangazi. Alimfuata mpwa wake, akamtia chaki mkononi.

"Soma."

Mkimya akatikisa kichwa.

"Nani mkubwa?"

"Wewe."

"Basi nimesema soma."

Na akasoma, mama yangu! Alianza na ma, akaenda me, mi, mo, mu, akarudi juu akasoma na siku na mwezi, vitu ambavyo sikuwa nimevifundisha, kwa sauti ndogo iliyokuwa inakua kila neno. Alipomaliza nikawaambia watoto wampigie makofi ya kilo, wakapiga makofi mpaka wengine wakapanda juu ya madawati. Mama yake alikuwa analia na kucheka kwa pamoja. Mimi nami nilikuwa nashangilia kama mtu wa mpirani. Nilipogeuka kumtafuta shangazi nimpe mkono, hakuwepo. Mkoba wake haukuwepo.

Nilimwona kupitia dirishani. Alikuwa anakatiza uwanja peke yake kwenye mvua, anaelekea jengo la awali, mgongo umenyooka.

Darasa la kwanza haliachwi peke yake, hilo nalijua. Niliacha. Nilikimbia, kiatu kimoja kikabaki kwenye matope, nikakiacha nacho, nikamfikia chini ya upenu wa awali. Aliponiona akanitazama kwa ukali.

"Mwalimu, rudi. Watoto wanapiga kelele."

"Waache wapige."

Akafikiri kidogo. "Amesoma?"

"Amesoma."

"Yote?"

"Yote, mpaka tarehe."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika kabisa. Halafu kidevu kikaanza kumcheza. "Mimi sijui, mwalimu," akasema, na hapo shangazi akaisha, akabaki mtoto wa miaka sita aliyelowa, analia kwa mdomo wazi. Nikachuchumaa na sketi yangu kwenye matope, nikamvuta. Nikamwambia kwamba nitamfundisha, yeye na mimi, kuanzia leo, na kwamba harudi awali labda kama wataturudisha wote wawili.

Mkuu alikuwa ametoka barazani kwake, anaangalia mvua. "Madamu, huyo ndiye wa awali?"

"Hapana, mkuu. Sina wa awali."

"Na madawati?"

"Tutabanana, mkuu."

Sikusubiri ajibu. Darasa langu kule ng'ambo lilikuwa limechafuka, nasikia dawati linaburutwa, nasikia mtu anaimba. Nilinyanyuka nimshike mkono turudi. Hakunyanyua mguu. Alikuwa anajifuta uso kwa mkono wa sweta, anasugua kwa nguvu, anaangalia upande wa mlango wetu.

"Mwalimu," akaninong'oneza, "usimwambie mtoto kwamba nimelia."

Nikamwahidi. Tukasimama pale chini ya upenu, yeye anapumua polepole, mimi na kiatu kimoja, mpaka wekundu ukamtoka machoni.