Muziki Nilioumwaga Ngamiani

Nilikuwa nimemaliza eda ya marehemu mume wangu juzi tu, na nilichotaka ni kutotazamwa na mtu. Wifi yangu akanivuta hadi ukumbini Ngamiani, kwenye maonyesho ya mgeni mmoja, mtunzi wa muziki wa ajabu.

"Twende, wifi! Kule kila mtu ruhusa kugusa."

Akabaki mlangoni akisalimiana. Ndani nikakuta meza imejaa mabakuli ya maji, mengine nusu, mengine robo. Sisi tuliozoea misiba, tukiona vyombo tunaosha. Nikamwaga yote, nikakausha kwa upindo wa kanga.

Mtunzi akaingia na wageni wake, akagonga bakuli moja, la pili, la tatu. Bila maji, yote yakalia sauti moja.

"Nani amemwaga muziki wangu?"

Ukumbi mzima ukanigeukia.

"Mimi, bwana," nikasema. "Lakini umetakata."